CNC ndogo ya 3018 kwa nakshi za mbao nyumbani: pa kuanzia, na mahali kazi inapoharibikia

Mkuu, umeuliza mambo matatu: mashine gani ya kuanzia nyumbani, programu gani, na kama kweli inaweza kutoa nakshi za mlango wa Kizanzibari kwenye mninga. Swali la tatu ndilo linaloamua mengine, kwa hiyo naanza nalo.

Inaweza, kwa kipimo chake. Mashine ya CNC, yaani inayochonga yenyewe kwa kufuata faili la kompyuta, ya kawaida kwa wanaoanza ni 3018, na jina lake ndilo kipimo chake: sentimita 30 kwa 18, yaani milimita 300 upande wa X (kushoto na kulia), 180 upande wa Y (mbele na nyuma), na kimo cha Z (juu na chini) kama 45. Bawa zima la mlango halikai humo. Mfaa, ile nguzo ya nakshi katikati ya mlango, unakaa, kwa kuchongwa kipande baada ya kipande (njia yake iko chini). Vibao vya majina, vifuniko vya masanduku na fremu ndogo za vioo ndiyo kazi zake hasa. Kinachoibana kuliko ukubwa ni udhaifu wa fremu. Mota yake ni ndogo, aina ya 775 ya volti 24, inazunguka mara 9,000 hivi kwa dakika, na koleti (kishikio cha biti) ya ER11 inashika biti za shina la mm 3.175. Ukiilazimisha kukata mninga kama unavyokata na ruta ya mkononi, inapinda, inaruka hatua au inavunja biti. Ukiipa kina kidogo kidogo inakata safi.

Unaponunua angalia vitu vinne tu: viungo vya fremu viwe vya chuma au alumini badala ya plastiki, swichi za mwisho kwenye X, Y na Z, kitufe chekundu cha dharura, na nati zenye springi kwenye skrubu ndefu za T8 zinazoendesha meza na kibebeo cha mota. Leza wanayokuongezea kama zawadi isikuvute. Ni kazi nyingine, na inataka miwani yake maalumu.

Wakati wa kuunganisha, usikaze bolti hata moja mpaka fremu yote isimame. Iweke juu ya kioo au kaunta iliyonyooka, pima ulalo mmoja, pima wa pili, sogeza mpaka vilingane, kisha ndipo ukaze. Zungusha kila skrubu ya T8 kwa vidole ukiwa umezima umeme: ikiwa nyepesi katikati na nzito mwishoni, basi fito mbili za chuma zinazoongoza mwendo haziko sambamba. Halafu rudia kukaza skrubu ndogo za alen kwenye kaplingi, pale mota inaposhikana na T8. Hapo ndipo panapoleta matatizo mengi. Kaplingi ikiteleza, mota inazunguka na meza haiendi, na wewe utahangaika na programu siku nzima.

Bodi nyingi za 3018 zinaendeshwa na GRBL, programu inayokaa ndani ya bodi na kugeuza faili kuwa mwendo. Unaunganisha kwa USB, kasi ya mawasiliano 115200, na kama kompyuta haiioni bodi, weka dereva ya CH340. Kutuma faili, Candle na UGS zote ni za bure na hazihitaji intaneti ukishaziweka. Kuchora, tumia Inkscape. Kugeuza michoro na herufi kuwa njia ya biti ya umbo la V, F-Engrave inatosha kabisa. Kwa mifuko (mashimo yenye sakafu bapa) na mikato ya kawaida kuna FreeCAD. Programu za kulipia ni nzuri, lakini subiri kwanza. Anayeanza haangushwi na programu, anaangushwa na mbao isiyoshikwa vizuri na sifuri (pale mashine inapoanzia kuhesabu) iliyowekwa vibaya.

Kabla ya kukata chochote, hakiki mwendo. Andika $$ kwenye Candle au UGS upate orodha ya mipangilio. $100, $101 na $102 ni idadi ya hatua kwa milimita moja. Kwa mota ya hatua 200 kwa mzunguko, dereva inayogawa hatua kwa 16 na T8 inayosogea mm 4 kwa mzunguko, hesabu ni 200 × 16 ÷ 4 = 800. Agiza mm 100, pima kwa venia. Ukipata 50 au 200 kamili, skrubu yako ina mwendo tofauti au jampa (viunganishi vidogo vya pini) za dereva zimekaa vibaya, kwa hiyo badilisha namba. Ukipata 99.2, usikimbilie kubadilisha namba. T8 haikosei kiasi hicho. Hapo kuna kaplingi iliyolegea, au nati inacheza. Na upime ukiwa umeshaanza kwenda upande uleule, yaani sogeza mm 5 kwanza, weka sifuri, ndipo uende 100. Bila hivyo unapima kucheza kwa nati pamoja na mwendo wenyewe.

Sasa ubao wa kafara, yaani ubao wa chini unaokatwa badala ya meza. Funga MDF ya mm 12 juu ya meza ya alumini, vichwa vya skrubu vizame chini kabisa. Nene zaidi ya hapo inakula Z yako, maana 12 za MDF na 20 za mbao ni 32 tayari, na biti nayo inahitaji nafasi ya kupanda. Kisha iache mashine yenyewe isawazishe ubao huo kwa biti bapa, kina mm 0.3, kila mstari ukiulalia uliotangulia kwa nusu. Pitisha ukucha juu yake ukimaliza. Ukihisi vingazi kati ya mstari na mstari, mota haijasimama wima. Weka karatasi nyembamba nyuma ya kibanio chake upande unaohitajika, kisha sawazisha tena. Bila hatua hii, herufi za upande mmoja zitatoka nene na za upande mwingine nyembamba, kwa sababu biti ya V hupanua mstari kila inapozama.

Kushika mbao: kwa ubao mwembamba, bandika tepu ya karatasi juu ya ubao wa kafara, nyingine chini ya mbao, halafu matone ya supagluu kati ya tepu na tepu. Inashika kuliko wengi wanavyoamini, mradi vumbi lifutwe kwanza. Kwa mbao nene tumia vibanio, lakini kumbuka kimo cha usalama kwenye faili. Programu nyingi huinua biti mm 5 tu juu ya mbao. Kibanio cha mm 15 kikiwa njiani, biti inakigonga ikiwa katika mwendo wa kasi. Pandisha kimo hicho kiwe 20 kama Z ina nafasi, au weka vibanio nje ya njia zote.

Biti za nyuzi 20 zenye ncha ya mm 0.1 zinazokuja ndani ya boksi ziweke kando. Ni za kuchonga bodi za umeme. Kwenye mninga ncha inakatika ndani ya dakika chache, na usipoitazama kwa karibu hujui. Nunua biti bapa ya mm 3.175 yenye meno mawili, V ya nyuzi 60, V ya nyuzi 90, na moja ya duara yenye ncha ya nusu kipenyo mm 0.5. Nunua mbili mbili.

Kuhusu V, ielewe hesabu yake, maana hapo herufi nyingi huharibika. Kina ni nusu ya upana wa mstari ukigawanya kwa tanjenti ya nusu ya pembe. Mstari wa mm 6 kwa V ya 60 unataka kina cha mm 5.2. Kwa V ya 90 unataka mm 3 tu. Na biti ya 60 yenye upana wa 3.175 inaisha makali yake ikifika kina cha mm 2.75. Zaidi ya hapo shina linasugua mbao, moshi unatoka. V ya 90 nayo lazima iwe na upana usiopungua ule wa mstari. Kwa hiyo herufi nene ama uzifanyie kwa 90 pana hivyo, ama uweke kikomo cha kina ili katikati pawe bapa na pasafishwe kwa biti nyingine. Ingiza pembe na kipenyo halisi kwenye F-Engrave, usikadirie.

Kasi ya kutembea: mizunguko × meno × unene wa kipande kinachong'olewa. 9,000 × 2 × 0.03 ni 540, basi anza na mm 500 kwa dakika kwa mninga, kina mm 0.5 kila pasi, na kushuka kwa 150. Msonobari unaruhusu kina cha mm 1. Tazama kinachotoka: vikitoka vipande vidogo kama maranda, uko sawa. Ukiona unga laini kama wa sembe na harufu ya kuungua, unakwenda polepole mno au biti imekwisha. Wanaoanza wengi wakiogopa hupunguza kasi, na kupunguza huko ndiko kunakochoma biti. Ukiogopa, punguza kina.

Kwenye mbao zenyewe, mninga ndio rafiki wa mashine hii. Mtiki una silika, unamaliza makali haraka. Mvule wakati mwingine una mawe ndani yake, chembe za chokaa ngumu usizoziona mpaka biti ikatike, na vumbi lake linawasha pua na ngozi. Mkangazi nyuzi zake hupishana, kingo zinachanika, kwa hiyo acha pasi ya mwisho iwe nyembamba sana. Mpingo uache kwa sasa. Mbao yoyote yenye unyevu inatoka na manyoya, na baada ya wiki inapinda hata kama ilichongwa vizuri.

Kazi ya kwanza isiwe mlango. Kata mraba wa mm 30 wa kina cha mm 2, na duara la mm 25 pembeni yake. Upungufu ukiwa uleule kwenye mraba wa 30 na kwenye mwingine wa 60, tatizo ni kipenyo cha biti ulichoandika au biti kupinda. Ukikua kadiri kipimo kinavyokua, tatizo ni hatua kwa milimita. Duara likitoka yai, au lina kibapa pale mwendo unapogeuka, kuna nati inayocheza.

Nakshi ya Kizanzibari unaweza kuifanya kwa njia mbili. Ya kwanza ni sura kamili ya 3D: biti bapa inaondoa nyama na kubakiza mm 0.5, kisha biti ya duara inapita mstari kwa mstari. Hesabu muda kabla. Eneo la mm 100 kwa 100, mistari ikiachana mm 0.15, ni mistari 667, jumla mita 66 na zaidi za kutembea. Kwa 600 kwa dakika ni karibu saa mbili, kwa kiganja kimoja cha mbao. Ya pili ndiyo ninayoipendekeza: shusha uwanja wa nyuma ya maua kwa biti bapa kina mm 3 au 4, chora mishipa ya majani kwa V, halafu malizia mviringo wa petali kwa patasi. Pembe za ndani zitabaki na mviringo wa mm 1.6 kwa vyovyote, kwa hiyo patasi utaishika tu.

Kwa mfaa, mbao ndefu ipite chini ya daraja (sehemu ya juu inayobeba mota) kuelekea Y, kwa sababu upande wa X nguzo zinaziba. Gawa muundo ujirudie kila mm 150. Funga kipande kingine cha mbao kwenye ubao wa kafara kiwe ukingo wa kuegemea, halafu mashine yenyewe iukate upande wa ndani, ndipo utakuwa sambamba na Y kweli. Kwenye sehemu ya pembeni utakayoikata baadaye, mashine itoboe mashimo mawili yanayoachana mm 150 kwenye Y. La kwanza lizame mpaka kwenye ubao wa kafara. Ukimaliza kipande, sukuma mbao ikiwa imelala kwenye ukingo mpaka shimo la pili liwe juu ya tundu la kwanza, ingiza pini. Kipande kipya kitoboe shimo lake jipya mbele. Ncha zinazoning'inia zitegemeze kwa vipande vya melamini vilivyopakwa nta, kimo sawa na ubao wa kafara, la sivyo uzito unainua meza.

Jumbe za makosa utakazozikuta mapema: error:9 maana yake mashine imejifunga, ielekeze kwenye swichi zake kwa $H, au fungua kwa $X. error:20 mara nyingi ni M6 ya kubadilisha biti, ambayo GRBL haiijui, kwa hiyo toa faili moja kwa kila biti. ALARM:2 ni faili linalotaka kutoka nje ya eneo. Kazi ikitoka kubwa kwa mara 25.4, namba za faili ni milimita lakini lina amri ya inchi, tafuta G20 uweke G21. Ikitoka ndogo kwa mara hizo, ni kinyume chake: tafuta G21 uweke G20. USB ikikatika katikati ya kazi, tumia waya mfupi wenye kizuizi cha feraiti, unganisha fremu na ethi, na zima usingizi wa kompyuta.

Umeme ukikatika, kompyuta yenye betri inabaki lakini mashine inasahau ilipo. Ndiyo sababu ya swichi za mwisho. Anza kila kazi kwa $H, kisha ukiwa kwenye kona ya mbao andika G10 L20 P1 X0 Y0 Z0. Sifuri hiyo inahifadhiwa ndani ya bodi hata ikizimwa. Ile ya G92 haihifadhiwi. Umeme ukirudi, usiguse mbao, inua biti kwa mkono, washa, $H, halafu endesha faili lile lile tangu mwanzo. Litapita hewani pale palipokwisha katwa, lifike lilipoishia. Kama biti ilivunjika, mpya haitakuwa na urefu uleule, kwa hiyo weka upya Z peke yake: G10 L20 P1 Z0.1 biti ikiwa inagusa karatasi ya kawaida juu ya mbao, pale pasipochongwa.