Usianze kupima nyota mwenyewe, zipo tayari

Mdogo wangu, umeuliza kama ukiwa hapo Kigoma uanze kukusanya spektra za nyota (mwanga wake uliotawanywa rangi rangi) mwenyewe ili usome galaksi. Usijisumbue bana. MILES, maktaba ya spektra za nyota, ina nyota 985, zimepimwa na darubini ya mita 2.5 kule kisiwa cha La Palma, Hispania, unashusha bure, bando tu ndo la kwako. Wazo lenyewe ni kama taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku, ukiwa mbali unaona mwanga mmoja tu, sasa ukijua karabai inawakaje na taa ya sola inawakaje unaweza kukisia zimechanganyika vipi, galaksi ndo hivyo hivyo. Ila wengi wanafeli hapa: nyota tunazozipima vizuri ni majirani zetu, kemia yake imekaa ya mtaa huu, kwa hiyo galaksi kubwa yenye mchanganyiko tofauti wa elementi inakudanganya kirahisi. Halafu kabla hujalinganisha hakikisha rezolusheni, yaani ukali wa spektra, ya nyota na ya galaksi ni moja, maana nyota ndani ya galaksi zinakimbia huku na huku, mistari kwenye spektra ya galaksi inapanuka. Mi niliiruka hiyo hatua, nikarudia kazi ya wiki mbili, nilichoka! Kwa kazi yenyewe, lugha ya programu ya Python inatosha.