Barua kwa mwanangu: kuhusu saa ya mwenzako wa ofisini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unaniuliza kwa nini mwenzako wa hapo Mtumba, kwenye ofisi za Serikali Dodoma, ambaye mshahara wake unaujua kwa kuwa mliajiriwa pamoja, amechukua mkopo ili anunue saa ya Uswisi, ilhali simu iliyo mfukoni mwake inamwonyesha saa bila gharama yoyote. Kisha unaniuliza kama ni mjinga. Sidhani kwamba ni mjinga, na nisingependa uendelee kukaa naye ukimwona hivyo.

Tuitazame saa yenyewe kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkononi inayoongozwa na betri na fuwele ya kwatsi. Mwanzoni ilikuwa ghali mno, lakini bei za saa za aina hiyo ziliposhuka, viwanda vingi vya Uswisi vya saa za springi vilifungwa. Leo saa ya betri ya bei ndogo hukosea sekunde kama 15 tu kwa mwezi, wakati saa ya springi iliyopimwa Uswisi na kupewa cheti cha ubora inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku moja. Waswisi walionusurika waliacha kushindana kwa usahihi, wakauza dhahabu, kazi ya mikono na jina. Anayetoa mamilioni anapata saa inayokosea zaidi, na mara nyingi analijua hilo.

Mchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alilieleza jambo hili mwaka 1899: matajiri wa zama zake walitumia fedha hadharani ili ionekane kwamba wana za kupoteza. Kwa bidhaa za namna hiyo, bei kubwa haimfukuzi mnunuzi, bali ndiyo inayomvuta. Ndiyo sababu kampuni ya Burberry ya Uingereza, kama ilivyofahamika mwaka 2018, iliteketeza katika mwaka mmoja bidhaa zake za zaidi ya pauni milioni 28, kwa kuhofia kwamba zikiuzwa rahisi jina lingeshuka. Watu walipolalamika ikaahidi kuacha. Mimi niliyekulia katika nchi ya ukame, ambako nguo hurithiwa na mtoto wa tatu, habari hiyo iliniuma sana.

Hata hivyo usidhani kwamba tabia hii imeingia hapa Ugogo, nchi ya Wagogo, juzi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ililazimika kupita hapa kwetu, na watemi waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia na wa maji, uliolipwa zaidi kwa vitambaa. Merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ilikuwa nguo ya watu wote, lakini mtemi alitaka vitambaa vya rangi vilivyotoka mbali, kama dabwani na barsati, kwa kuwa si kila mtu angeweza kuvivaa. Shanga nazo zilikuwa na mitindo yake, na mfanyabiashara aliyebeba aina isiyopendwa katika nchi fulani alijikuta na mzigo usionunua hata chakula.

Sasa fikiria ni nani anayehitaji alama ya namna hiyo. Mzee mwenye ng'ombe wengi kijijini anaweza kutembea na katambuga na shuka iliyochakaa, na bado watu wakampisha kiti, kwa sababu kila mtu anajua zizi lake na anajua ni jamaa gani wanaomchungia ng'ombe wake. Dodoma yenu haiko hivyo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, wamekuja watu kutoka kila mkoa, wasiojua baba wa mtu ni nani wala amefanya nini, na katika kikao cha kwanza kila mmoja anapimwa kwa kile kinachoonekana. Mwenzako anaomba aheshimiwe na watu ambao hawana njia nyingine ya haraka ya kumjua. Ombi hilo silidharau. Ninachomhurumia ni mkopo, kwa maana saa hiyo inatangaza kwamba ana fedha za ziada, nayo imenunuliwa kwa fedha ambazo bado hajazipata, na kila mwisho wa mwezi makato yatamkumbusha.

Katikati ya barua yako kuna mstari mmoja ulioupita haraka, unaosema kwamba wewe nawe hukusikilizwa kikaoni, na kwamba labda ungevaa vizuri zaidi mambo yangekuwa tofauti. Naona hapo ndipo swali lako lilipoanzia. Niandikie tena, unieleze ulisema nini siku hiyo, nani alikukatiza, na mkuu wako alifanya nini, kwa sababu jambo hilo linanisumbua kuliko saa ya mtu yeyote.

Wako,
Mama