Muulize Fundi Picha: Msitu, simu na mtu aliyegeuza mgongo

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni msichana, niko mwaka wa mwisho wa stashahada ya upigaji picha hapa Dar es Salaam. Mradi wangu unahusu maumbile, upweke na jinsi simu zinavyotuteka akili. Likizo nilikwenda kwa shangazi yangu anayeishi Amani, wilaya ya Muheza, nikapiga picha msituni. Nimekutumia saba. Mwalimu wangu anasema ni nzuri ila hazina neno. Nifanye nini? Halafu kuna jambo linanitia aibu: nikiwa kule nasubiri mwanga, mkono unajiendea wenyewe mfukoni kutafuta simu. – Mwenye Laini Mbili

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha nimezipata, na nimezifungulia kwenye kompyuta, maana msitu ukiutazama kwenye kioo cha kiganjani huambulii zaidi ya kijani.

Mwalimu wako hajakuonea. Picha tano kati ya hizo saba ni mtu mmoja, kageuza mgongo, kasimama katikati ya miti mirefu na simu mkononi, ukungu mbele yake. Fokasi imekaa, fremu imenyooka. Ila mtu akiniambia ni tangazo la kampuni ya simu linalojisifia kufika hadi vijijini, sitabisha. Umemweka mtu peke yake ukaamini umepiga upweke. Mtu anaweza kuwa peke yake msituni na moyo wake umetulia tuli. Upweke kwenye picha mara nyingi unahitaji watu wawili, na nafasi kati yao ambayo haikupaswa kuwepo.

Ndiyo maana nimekaa na ile ya sita. Kijana kapanda kisiki ukingoni mwa shamba la chai, mkono kaunyoosha juu, anautafuta mtandao upande wa bondeni. Chini yake bibi kaketi juu ya mzigo wa kuni, kandambili moja imemtoka mguuni, kamkodolea macho mjukuu wake. Ukaniandikia kwa ufupi kwamba wanampigia mama wa kijana, yuko Tanga mjini, na bibi anasubiri zamu yake ya kuongea. Sasa hapo simu imemwibia nani? Kwa dakika hiyo imemnyima bibi mjukuu aliye mbele yake, lakini inamletea binti aliye mbali. Hayo yote yamo ndani ya fremu moja, nawe umeiweka ya sita, kama vile unaionea haya! Ianze hiyo. Zile tano bakiza moja, tena ile yenye ukungu mchache.

Jambo la pili ni hayo maumbile yenyewe. Maelezo yako yanasema Amani ni "asili isiyoguswa". Binti, pale pameguswa sana. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakaleta miti ya kila aina kutoka nje kuijaribu. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997. Katika picha yako ya pili kuna mti mwembamba ulionyooka ambao mimi nausoma kuwa Maesopsis, ingawa muulize mhifadhi ahakikishe kwa jani. Kama ndio, huo ni mgeni: kwao ni magharibi zaidi, pande za Uganda na Kongo. Ulipandwa, kisha hondohondo wakala matunda yake na kutawanya mbegu, ukaingia msituni bila kuombwa na mtu. Kwa hiyo ukiweka msitu upande huu kama usafi na simu upande ule kama uchafu, mtu anayeijua Amani atakucheka. Na kamera yako nayo haikuota kwenye mgomba.

Napenda mtu anayepiga msitu aujue hata kidogo. Yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara, ambayo Ulaya wanayapanda kwenye vyungu dirishani, hayamo hata kwenye picha yako moja. Ungeinama.

Wazo la simu nalo limeshapitiwa na wengi, hilo ulijue kabla msahihishaji hajakuambia. Mmarekani Eric Pickersgill aliwaomba watu wabaki kwenye mkao uleule wa kushika simu, akaitoa simu mkononi, ndipo akapiga. Wamebaki wanatazama viganja vitupu, mume na mke kitandani wamepeana migongo. Mtazame, kisha usimwige. Yeye simu aliitoa; ile ya picha yako ya sita haitoki, bila hiyo picha inakufa.

Ukirudi, nenda jioni. Huku kwetu jua likishazama una kama dakika ishirini tu kabla giza halijaziba, na katikati ya dakika hizo mwanga wa kioo cha simu unalingana na mwanga wa anga. Hapo uso wa mtu unang'aa kibuluu na miti nyuma bado inaonekana. Anza na ISO 3200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/2, kasi ya sekunde 1/60, halafu rekebisha. Flashi iache kwa shangazi. Mchana subiri wingu. Jua la saa sita ndani ya msitu linakupa madoa meupe na weusi wa makaa, na hakuna programu ya kuhariri itakayokuokoa.

Kuhusu mkono wako, sina dawa ya maana, na wanaosema wanayo wanauza kitu. Mimi simu naizima naiweka chini kabisa ya begi, chini ya lenzi, ili kuitoa iwe kazi. Ila kuna njia nyingine nzuri zaidi kwa mradi huu: kila mkono unapokwenda mfukoni, piga picha ya kilicho mbele yako wakati huo huo, hata kama ni tope au mgongo wa jani. Zikusanye. Zitakuwa mbaya nyingi, lakini hizo ndizo picha za akili iliyotekwa, na hakuna mwanafunzi mwingine anayeweza kuzipiga kwa niaba yako.

Kabla hujazitundika ukutani, rudi kwa yule bibi umwombe ruhusa kwa mdomo wake, usiridhike na ya mjukuu. Msafishie nakala ya karatasi umpelekee. Kijana muulize kwa nini alichagua kisiki kile, na jibu lake liandike chini ya picha kama alivyolisema. Ukiwa na mpya nitumie, ila zisizidi nne.