Pi 1, Pi 3 na Pi 4 kwenye heda moja

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Tanga mjini. Tunatumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kufuatilia joto la majokofu ya samaki pale sokoni Deep Sea. Butiloda (programu ya kuiwasha bodi) niliiandikia Pi 1, nikaihamishia Pi 3, sasa tumeletewa Pi 4. Kila faili limejaa #ifdef (masharti ya kuchagua msimbo wa kila bodi) na anwani zilezile za kumbukumbu zinajirudia. Nizikusanye zote kwenye heda moja, yaani faili la pamoja la majina na thamani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Zikusanye, ila usihamishe anwani nzima nzima, maana fujo itakuwa ileile, imehama nyumba tu. Tenganisha msingi na umbali. Vifaa vya pembeni vinaanzia 0x20000000 kwenye chipu ya BCM2835 ya Pi 1, 0x3F000000 kwenye BCM2837 ya Pi 3, na 0xFE000000 kwenye BCM2711 ya Pi 4. Kutoka hapo, GPIO (pini za kuingiza na kutoa ishara) iko mbele kwa 0x200000 na UART ya PL011 (mawasiliano ya serial) kwa 0x201000, kwenye chipu zote tatu. Basi msingi uandike mara moja kwa kila chipu, umbali mara moja kwa zote, halafu ujumlishe. Chipu isipochaguliwa, weka #error ili kompaila igome palepale.

Mwongozo wa BCM2835 unataja anwani za 0x7E000000. Hizo ni za basi (njia ya data) ya ndani ya chipu. Kichakataji cha ARM hakizioni hivyo, usizinakili.

Sasa penye hatari. Usilipe jina moja vitu viwili vinavyofanana kwa mbali. Chipu za zamani huvuta pini juu au chini (kuipa umeme wa juu au wa chini ikiwa haijaguswa na kitu) kwa rejista ya GPPUD, umbali wa 0x94 ndani ya GPIO, ambapo 1 ni chini na 2 ni juu. BCM2711 imeacha utaratibu huo: ina rejista nne kuanzia 0xE4, biti mbili kwa kila pini, na humo 1 ni juu, 2 ni chini. Ukiunganisha thamani hizo, kompaila haitalalamika, lakini kitufe ulichokiunga kwenye pini kitasomeka kimebonyezwa muda wote. Hapo unganisha jina la fanksheni tu, mwili wake uwe na faili lake kwa kila aina.

Kabla ya kugusa chochote, jenga butiloda ya Pi 1 na ya Pi 3, uhifadhi faili za mwisho. Kila ukisafisha faili moja, jenga tena ulinganishe baiti kwa baiti. Ukishaondoa tarehe ya ujenzi, zinapaswa kulingana kabisa; zikitofautiana, kosa liko kwenye faili ulilotoka kuligusa.