Mchango wa kikundi kwa watoto wenye saratani ya jicho

Ndugu, umeuliza kama fedha za kikundi chenu ziwasaidie watoto wenye retinoblastoma, yaani saratani ya jicho inayoanzia kwenye retina, au ziende kwenye utafiti. Nakusihi mwanze na nauli na malazi ya wazazi, kwa kuwa matibabu huhitaji safari nyingi, na mama akiishiwa fedha katikati ya dozi hubaki nyumbani huku uvimbe ukiendelea kukua. Utafiti nao msiudharau, kwani ni kwa kuchunguza saratani hii adimu ndipo Alfred Knudson, daktari na mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, mwaka 1971, alipofafanua jinsi saratani inavyoweza kurithiwa. Mchango mdogo unaweza kugharimia utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa. Pia waelezeni wanakikundi kwamba mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa flashi inatosha kumpeleka mtoto hospitali haraka.