Projekta imeandika No Signal: tazama adapta kwanza

Projekta ikiweza kuandika No Signal ukutani, taa yake na lenzi yake ni nzima. Kilichokosekana ni picha ya kutoka kwenye laptopu, kwa hiyo usikimbilie kwa fundi.

Chomeka waya, washa projekta, kisha laptopu. Bonyeza kitufe cha Source kwenye projekta mpaka litokee jina la tundu ulilotumia. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Duplicate, yaani picha ileile kwenye laptopu na ukutani. Ukichagua Extend, ukutani hutokea mandhari tupu, na wengi hudhani kuna kitu kimeharibika.

Tabu kubwa ni adapta, kile kifaa kidogo cha kuunganisha matundu yasiyolingana. Projekta kuukuu za maskulini zina VGA, lile tundu la buluu lenye vishimo 15, na laptopu mpya zina HDMI, tundu dogo bapa. Ukienda kununua Darajani au Mlandege hapa mjini Zanzibar, mwambie muuzaji waziwazi: picha inatoka HDMI inaingia VGA. Adapta ya kinyume chake inafanana nayo sana lakini haifanyi kazi. Waya mtupu usio na saketi ndani yake, HDMI huku na VGA kule, nao uuache hata ukiwa rahisi, kwani hauwezi kubadilisha mawimbi ya kidijitali. Laptopu yenye USB-C peke yake ihakikishe kwanza, maana si kila tundu la USB-C hutoa picha.

VGA haipitishi sauti. Tafuta waya wa spika wa milimita 3.5. Picha ikiwa ya manjano, rangi ya buluu haifiki. Ikiwa ya zambarau, kijani ndiyo inayokosekana. Chomoa, tazama kama kuna sindano iliyopinda, kisha kaza skrubu zote mbili. Hewa yetu ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye ncha za nyaya, basi zifute kwa spiriti na uziache zikauke kabla ya kuchomeka.

HDMI ya kawaida ikizidi mita 10 picha huanza kukatika. Afadhali usogeze meza ya laptopu.

Ukimaliza, zima kwa kitufe na uache feni izunguke mpaka isimame yenyewe ndipo uchomoe. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto: usiinyanyue projekta wala usiiwashe tena mpaka zipite kama dakika 10. Kwa semina ya siku nzima, UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, hukupa nafasi ya kuizima taratibu.