Oksijeni ya juu na wati za saa nzima

Kaka umeuliza kama oksijeni yako ya juu (VO2max, yaani oksijeni nyingi kabisa mwili unayoweza kutumia ukijisukuma mpaka mwisho) ikipanda basi na wati unazoshika saa nzima kwenye baiskeli, yaani nguvu unayosukuma pedali, nazo lazima zipande. Vinahusiana ila sio kitu kimoja. Oksijeni ya juu ndo dari, kizingiti, ambacho ndo kinabeba hizo wati za saa nzima, ni unakaa karibu kiasi gani na hiyo dari kabla miguu haijakata moto, waliozoea mazoezi wako kama asilimia 75 mpaka 85 ya dari hivi. Coyle na wenzake kule Marekani mwaka 1988 waliwapima waendesha baiskeli 14 wenye dari karibu sawa, wakawapa kazi ya asilimia 88 ya oksijeni yao ya juu, wale ambao lakteti (kitu kinachojaa kwenye damu misuli ikifanya kazi kali) inaanza kupanda kwenye asilimia 66 walichoka dakika ya 29, wale wa asilimia 82 wakafika karibu dakika 61! Dari ileile jamani. Kwahiyo zile safari ndefu za Tanga Muheza kwa mwendo uleule usizidharau, zinajenga mishipa midogo na misuli inayotumia oksijeni vizuri, afu mara moja kwa wiki weka vipande vikali vya dakika 4 au 5 kusukuma dari yenyewe.